Nyama ya Kumkaribisha Waseme

Reverien Ndihokubwayo, ambaye kijiji kizima kilimwita Mzee Ndiho kwa sababu jina lote liliwachosha wageni, alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho hakutaka kugawana na mtu: sifa ya kufundisha mbwa. Jembe angekuazima. Mbegu za maharage angekupa na asikukumbushe. Pombe yake ya ndizi ungeinywa mpaka ukasahau njia ya kwako. Lakini thubutu kusema mbele yake kwamba yuko mtu mwingine, popote kati ya Kibondo na Kasulu, anayejua mbwa kama yeye, uone mishipa ya shingo itakavyomsimama.

Sifa hiyo hakuiokota njiani. Alivushwa mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, mwaka wa sabini na mbili, akakulia katika kijiji kimoja cha Busunzu akiitwa mkimbizi na watoto wenzake ambao hata kamasi hawakujua kuzifuta. Ujana wake uliishia kwenye mashamba ya watu. Uraia aliupata mvi zimeshaanza kuchungulia. Kabla ya karatasi hiyo, kilichomfanya aonekane mtu mbele za watu ni ngedere. Ngedere na nyani wa milima ile wakishaingia kwenye mahindi yaliyokomaa, familia italala njaa mpaka msimu mwingine, na kinga yake ni mbwa anayekaa shambani, asiyesinzia, asiyevutwa na harufu ya jiko la mtu. Mbwa wa namna hiyo walitoka mikononi mwa Mzee Ndiho. Watu walimletea vitoto vya mbwa kutoka kila kona ya kata, na hata kutoka Kasanda, wilaya nyingine kabisa, walikuja na jogoo kwapani na kitoto cha mbwa ndani ya kapu.

Njia yake ilikuwa fupi: kamba, njaa na fimbo. Mbwa akitoka shambani, fimbo. Akibweka ovyo, fimbo. Akimkimbiza kuku wa jirani, fimbo mbili. Baada ya miezi miwili au mitatu mbwa alikuwa amejua kazi, na mwenye mbwa alikuja kumchukua huku akishukuru. Mzee Ndiho hakuona ubaya wowote hapo. Yeye mwenyewe alifundishwa maisha kwa njia hiyohiyo, na hakuna aliyemwomba radhi.

Mbwa wake mwenyewe aliitwa Waseme. Kule watu humpa mbwa jina ambalo wanataka jirani alisikie, na huyu alipewa lake mwaka ambao Mzee Ndiho alinunua shamba la pili na majirani wakaanza kunong'onezana kwamba kapata wapi. Kila jioni alisimama mlangoni akaita kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Waseme alikuwa mbwa mwekundu, mwembamba, sikio moja limechanwa na nyani, na katika mbwa wote waliopita kwenye mikono ile, hakuna aliyekuwa na akili kumzidi. Mkewe, Rosa, alizoea kusema kwamba Baba Aline, kama alivyomwita mumewe, angeambiwa achague kati ya mke na mbwa, angeomba muda wa kufikiri.

Ndipo akaja Mwalimu Herieth.

Alikuwa binti wa Upare, mrefu, mwenye miwani, aliyepangiwa shule ya msingi ya kijiji kile na akafika na begi moja, godoro na sufuria. Wiki ya tatu akapata kitoto cha mbwa. Mzee Ndiho, kwa ukarimu wa mtu anayejua kwamba hana mshindani, alimfuata nyumbani kwake karibu na shule akamwambia amlete, atamfundisha bure kwa kuwa yeye ni mgeni.

"Shikamoo mzee. Asante sana," alijibu Herieth kwa adabu zote. "Ila huyu nitamfundisha mwenyewe. Kaka yangu anafuga mbwa wa ulinzi kule Moshi, alinionyesha kidogo."

"Una fimbo?"

"Nina dagaa, mzee."

Mzee Ndiho alicheka njia nzima. Alimsimulia Rosa, akamsimulia Khamisi, mwenyekiti wa kitongoji, akawasimulia watu wote waliokuwa wakinywa siku ile. Mbwa anafundishwa kwa dagaa! Wakacheka naye. Ilikuwa jioni nzuri, na ndiyo ya mwisho nzuri kwa muda mrefu.

Maana miezi minne baadaye kile kitoto, Tomi, kilikuwa kinalala katikati ya vifaranga vya mwalimu bila kugusa hata unyoya. Kikiitwa, kilikuja. Kikiambiwa kaa, kilikaa. Mwalimu aliweka dagaa wake kwenye kimfuko kiunoni, amewakatakata vipande vidogo kama punje za mahindi, na Tomi akifanya jambo alilotaka, palepale, hata kabla hajageuza kichwa, aligonga ulimi "ta!" na kipande kikafuata. Akikosea hakupigwa wala hakutukanwa. Alikosa dagaa, basi. Watu wakaanza kupita kwa mwalimu kama kwa bahati tu, wakasimama kwenye ua, wakatazama. Mwezi uliofuata, mtu wa kwanza akampelekea mwalimu kitoto chake cha mbwa. Kumfikia mwalimu ilibidi apite mbele ya nyumba ya Mzee Ndiho, na alipita akiwa amegeuza uso upande wa pili.

Hilo lilimuuma, lakini angelimeza. Ambalo hakuweza kulimeza lilitokea Jumamosi moja mwezi wa pili, alipokwenda shuleni kurudisha nyundo aliyoazima. Alikuta watu kama kumi wamezunguka ua wa mwalimu. Katikati alikuwa Waseme. Waseme wake, ambaye saa hiyo alitakiwa awe shambani! Dagaa walikuwa wamemfikia puani kwa upepo wa shule, naye akaja mwenyewe bila kuitwa. Mwalimu aliinua kiganja, Waseme akaketi. Ta! Dagaa. Alishusha kiganja, Waseme akalala. Ta! Dagaa. Kulala kwa amri, Mzee Ndiho alikuwa amemfundisha kwa wiki sita na fimbo mbili zilizovunjika, na hadi leo mbwa alilala huku akitetemeka mgongo. Hapa alilala huku mkia unafagia vumbi.

Lakini si mkia uliomchoma. Ni macho. Waseme alikuwa anamtazama mwalimu usoni. Miaka sita Mzee Ndiho aliishi na mbwa yule, na miaka sita mbwa alimtazama mkononi tu, kuona kama mkono umeshika kitu. Hakuwahi kujua kwamba mbwa anaweza kumtazama mtu usoni namna ile, kama vile kuna habari njema imeandikwa pale. Kama ni mke wake angemkuta amekaa vile kwa mwanamume mwingine, sidhani kama angeumia zaidi.

"Karibu mzee!" Herieth alimwona. "Huyu mbwa wako ana akili ya ajabu. Ulimfundisha vizuri."

Mtu mwingine angeisikia sifa hiyo. Yeye alisikia kejeli. Aliweka nyundo chini, akampigia Waseme mluzi, akaondoka naye bila kuaga.

Njiani mkono ulimwasha kutafuta fimbo, lakini akajizuia, kwa hesabu ya mtu mwenye wivu: nikimpiga leo atakimbilia kulekule. Akaamua jambo ambalo aliliona la hekima kubwa. Kama mwalimu anamvuta kwa dagaa, yeye atamrudisha kwa nyama. Mbwa atajua wapi ni kwake! Kesho yake akaleta mapafu ya ng'ombe kutoka kwa mchinjaji, akayachemsha mwenyewe jikoni huku Rosa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Aline, hiyo nyama ni ya sikukuu gani?"

"Ni ya Waseme."

"Mimi mara ya mwisho kula nyama ni Krismasi."

"Wewe hujatoroka," alijibu Mzee Ndiho, na hakuona kwamba amesema jambo baya.

Sheria aliyoiweka ilikuwa moja. Waseme akienda kwa mwalimu na kurudi, apokewe kwa shangwe, aitwe kwa jina, apapaswe, na apewe nyama mara tu anapotia mguu uani. Hakuna kumkaripia wala kumfunga. Arudi mwenyewe kwa mapenzi yake, mwalimu aone, kijiji kione.

Na Waseme alirudi. Lo, alirudi kwa mbio! Siku ya kwanza alikwenda shuleni asubuhi akarudi adhuhuri, akapokewa kama bwana harusi. Alimeza nyama, akalamba midomo, na kisha, kwa mara ya kwanza maishani, akainua macho akamtazama Mzee Ndiho usoni. Mzee mzima alikaa kwenye kigoda akacheka peke yake. Tumemweza, alijisemea.

Siku ya tatu Waseme alikwenda mara mbili. Wiki iliyofuata, mara nne kwa siku. Mwishoni mwa mwezi alikuwa anakwenda na kurudi mpaka majirani wakawa wanajua saa kwa kumtazama yeye, na njia yake ikawa imechimbika nyembamba kupitia kwenye maharage ya watu. Mzee Ndiho aliongeza nyama. Mbona anazidi kwenda? Kwa sababu mwalimu naye anazidisha dagaa, hakuna jingine! Akakata vipande vikubwa zaidi. Waseme akaongeza mwendo.

Shambani hakukuwa na mtu. Nyani, ambao hawahitaji kutangaziwa nafasi, waliingia kwenye mahindi yaliyoanza kukauka, wakavunja mistari mitatu ya juu na kuacha magunzi yametapakaa. Rosa alirudi na kanga imejaa magunzi, akayamwaga miguuni pa mumewe.

"Tazama alichokula mbwa wako."

"Ni yule mwalimu," alisema Mzee Ndiho. "Amemwekea kitu."

Neno hilo lilimtoka kwa hasira tu. Lakini lilipokwishatoka, alilitazama akaliona lina sura nzuri. Kwa nini mbwa mwenye nyama kwao akimbilie dagaa? Nyama na dagaa ni wapi na wapi? Lazima dagaa wale wana dawa. Jioni ile alikwenda kwa mwenyekiti Khamisi akalisema rasmi: mwalimu mgeni amemfunga mbwa wake kwa dawa, mahindi yameliwa, anataka aitwe ajibu mbele za watu.

Khamisi alikuwa mtu wa Ujiji kwa asili, mpole, asiyependa kelele, na alijua mwalimu akisemwa hivyo kijijini hatakaa. Wa kabla yake aliomba uhamisho kwa uvumi mdogo kuliko huo. "Mzee wangu, una uhakika? Hili ni jambo la kumharibia mtu kazi."

"Nina uhakika."

"Haya. Leo shule imefungwa, mwalimu amekwenda Kasulu kwa rafiki yake likizo hii ya Pasaka. Jumanne atakayorudi tutakaa."

Mzee Ndiho alirudi nyumbani akalala usingizi wa mtu aliyeshinda. Mwalimu yuko Kasulu, kwa hiyo Waseme atatulia. Tena hiyo itakuwa ushahidi: mchawi akiondoka, dawa inalegea.

Asubuhi, kabla chai haijachemka, Waseme alinyoosha mgongo, akapiga miayo, akaondoka kwa mwendo wake uleule kuelekea shuleni. Robo saa baadaye alikuwa amerudi, ulimi nje, anasubiri. Mzee Ndiho alimpa nyama kwa mazoea, lakini mkono wake ulikuwa mzito. Mwalimu alipanda bodaboda jana, yeye mwenyewe alimwona, amebeba begi, na Tomi na kuku kawaachia mlinzi wa shule. Sasa huyu amekwenda kwa nani? Au mwalimu amefukia kitu mlangoni kinachomwita mbwa hata asipokuwepo? Alivaa viatu vyake vya mpira. Waseme alipoondoka tena, alimfuata kwa mbali, akinyata kwenye mashamba ya watu kama mwizi wa mihogo, na kila aliyemsalimu "Mwakeye!" alimjibu kwa mkono.

Mlango wa mwalimu ulikuwa na kufuli. Madirisha yamefungwa. Uani hakukuwa na mtu, kuku wala sufuria. Waseme alitembea moja kwa moja hadi kizingitini. Hakunusa chini, hakufukua, hakulia wala kukwaruza mlango. Aliugusa ubao kwa pua, mara moja, kama mtoto anayegusa ukuta kwenye mchezo wa kukimbizana, akageuka, na kabla Mzee Ndiho hajajificha vizuri nyuma ya mgomba, mbwa alishampita kwa kasi, masikio nyuma, anakimbilia nyumbani kwenye nyama yake.

Mzee Ndiho alibaki amesimama. Alikuwa mtu wa mbwa kwa miaka thelathini, na mtu wa mbwa hahitaji kuelezwa mara mbili. Nyama alikuwa anaitoa lini? Waseme akirudi. Na ili arudi, kwanza afanye nini? Aondoke. Kadiri anavyoondoka, ndivyo anavyorudi, na kadiri anavyorudi, ndivyo anavyokula. Mwalimu hakuwemo humo hata kidogo. Wiki zote hizo alikuwa anauonea wivu mlango.

Unaweza kudhani alikwenda siku hiyohiyo kwa Khamisi akafuta maneno yake. Hukumjua. Alirudi nyumbani taratibu, na uani alimkuta Waseme ameketi anamsubiri. Mbwa aliinua kichwa, akamtazama usoni. Mzee Ndiho alijua kabisa kwamba akimpa nyama sasa anaharibu. Alijua. Akampa. Alikuwa hawezi kuyaachia macho yale, hata baada ya kufahamu bei yake ni shamba la mahindi. Na kwa Khamisi hakwenda, kwa sababu moyoni alishamwona mwalimu akicheka, na watu wakipitisha vitoto vyao vya mbwa mbele ya nyumba yake bila hata kugeuza uso.

"Umeona nini kule?" aliuliza Rosa.

"Sikuona kitu," alisema, na kwa upande wa dawa alisema kweli tupu.

Jumanne walikaa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Walifika watu wengi kuliko wanaofika kwenye mikutano ya barabara. Mwalimu Herieth alikaa kwenye benchi upande mmoja, mikono mapajani, macho mekundu. Habari ilikuwa imemfikia Kasulu kabla hajapanda basi. Upande wa pili alikaa Mzee Ndiho amevaa koti, Waseme kalala miguuni pake. Katikati Khamisi, na daftari.

Khamisi alisoma shauri. Kisha akamwambia mwalimu ajibu.

"Mimi sina dawa," alisema Herieth. "Nimempa dagaa mara moja, siku ile ambayo mzee mwenyewe alikuja. Baada ya hapo alipokuja nilimwacha, kwa sababu niliona mwenye mbwa hapendi. Anakuja, anagusa mlango, anaondoka. Hata ndani haingii. Nilishangaa tu." Alimgeukia Mzee Ndiho. "Mzee, nisamehe nikuulize. Akirudi kwako, huwa unamfanyia nini?"

Swali lilikuwa la mtu anayejua kazi. Mzee Ndiho alilitambua mara moja, jinsi fundi anavyomtambua fundi kwa namna anavyoshika nyundo, na hilo nalo likamuuma.

"Simfanyii kitu," alisema. "Anakula chakula cha mbwa kama mbwa wote."

Rosa, aliyekaa mstari wa nyuma na wanawake, aliinamisha kichwa akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kanga. Mume hakanushwi hadharani, ila alijua yeye na Mungu sufuria lake limechemsha mapafu mangapi.

Sasa Waseme hakuwa na habari za mashauri. Alichojua ni kwamba muda umepita, mwenye nyama yuko hapa, na mwalimu yuko pale. Mlango hakuna, lakini mwalimu si ndiye mwenye mlango? Akainuka. Akavuka uwanja mbele ya watu wote, akamgusa Herieth gotini kwa pua, mara moja, akageuka bila hata kumtazama, akarudi mbio, akaketi mbele ya Mzee Ndiho na kumkodolea macho.

Mzee Ndiho alitazama mbinguni.

Waseme alisubiri kidogo, akaona labda hakuonekana. Akaenda tena. Goti, pua, kugeuka, mbio, kuketi. Uwanja ukaanza kunong'ona. Mara ya tatu akaenda kwa kasi zaidi na kurudi kwa madaha, mkia juu, na hapo watu wakashindwa kujizuia, wakapiga makofi.

"Yoo! Tazama mbwa!" mama mmoja alisema. "Anakwenda na kurudi kama katumwa!"

"Na hakuna aliyemwamuru," akasema mwingine. "Mwalimu, hiyo umemfundisha siku ngapi?"

"Hiyo si dawa, jamani, hiyo ni elimu."

Hata Khamisi aliweka kalamu chini. "Kwa kweli mwalimu, nikikuletea wa kwangu, utampokea? Maana kazi safi namna hii sijawahi kuiona."

"Mimi sijam..." Herieth alianza, lakini makofi yalimzima.

Mzee Ndiho alikaa katikati ya makofi yale, na yalikuwa yanakwenda upande usio wake. Kazi safi. Kazi safi namna hii! Wiki ngapi amesimama uani na nyama mkononi, hakukosa hata mara moja, hakuchelewa hata kidogo, mvua na jua? Nani alimpokea? Nani aliamka alfajiri kuchemsha? Kama kuna mtu alikuwa amefanya kazi juu ya mbwa yule ni yeye, na sasa sifa inabebwa mchana kweupe, inapelekwa kwa msichana mwenye kimfuko cha dagaa. Kijiba cha roho kilimpanda kutoka tumboni hadi kwenye masikio, na kabla akili haijamshika koti, alikuwa amesimama.

"Oya!" alifoka, akikataa kwa lugha ya mama yake. "Siyo yeye! Huyu mwalimu hajamfundisha kitu! Ni mimi! Mimi ndiye niliyemfundisha!"

Makofi yakakatika.

"Nyama ni yangu!" aliendelea, maana sasa alikuwa hashikiki. "Akirudi nampa, kila siku, kila mara! Amekwenda hata siku ambazo mwalimu hayupo, nimemfuata kwa miguu yangu, amegusa mlango umefungwa kwa kufuli na akarudi! Nani kati yenu anaweza kumfundisha mbwa kwenda kusalimia kufuli? Nani? Ni mimi, Ndihokubwayo!"

Alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, moja baada ya jingine, na yote yalikuwa yamevaa nguo zake. Khamisi alichukua kalamu tena, polepole.

"Kwa hiyo mzee wangu," alisema, "ile dawa..."

"Ni mapafu," alisema Mzee Ndiho, akakaa.

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Kilianzia kwa Rosa, ukweli usemwe, na alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga, kisha uwanja wote ukamfuata. Mzee Ndiho aliitazama ncha ya kiatu chake. Kwa sauti ndogo, ambayo Khamisi ilibidi aombe irudiwe, alisema kwamba mwalimu hana kosa, amemsingizia, anamwomba radhi, na yaandikwe hivyo kwenye daftari. Khamisi akaandika.

Mwalimu Herieth hakucheka. Alijifuta macho chini ya miwani, akasimama, akaja akakaa kwenye benchi la Mzee Ndiho, si karibu sana. Waseme alikuwa bado ameketi mbele yao, anasubiri malipo ya safari tatu.

"Nyama unayo mfukoni?" aliuliza Herieth kwa sauti ya chini.

"Ninayo."

"Usimpe sasa. Akienda, usimpe. Akirudi, usimpe."

"Ataacha kunitazama," alisema Mzee Ndiho, na hakujua kwa nini amemwambia hivyo mtu ambaye kuliko wote hakutaka ajue.

"Kwa muda, ndiyo, mzee."

Waseme alikwenda mara ya nne. Benchi la mwalimu lilikuwa tupu. Aligusa ubao, akarudi. Hakuna kitu. Akaenda ya tano, akarudi. Akatazama mkono, akatazama koti, akabweka kidogo, jambo ambalo zamani lingemletea fimbo. Mzee Ndiho alikaza ngumi mfukoni mpaka mafuta ya nyama yakamtoka vidoleni. Watu walikuwa wameanza kutawanyika. Mbwa alisimama katikati ya uwanja, hajui aende wapi, na ile sura yake ya kuchanganyikiwa ilimkata maini mzee kuliko kicheko cha kijiji kizima. Kisha akashusha mkia, akaja taratibu, akajizungusha mara mbili, akalala juu ya kiatu cha bwana wake na kushusha pumzi.

Mkono ulitoka mfukoni wenyewe. Nyama ilikuwa kinywani mwa Waseme kabla hajamaliza kuweka kichwa chini.

"Vizuri sana, mzee," alisema Mwalimu Herieth. "Palepale kabisa. Hata mimi ningechelewa."

Neno lile lilimwingia Mzee Ndiho tamu, likateremka hadi tumboni, na aliona aibu kwa jinsi lilivyokuwa tamu. Tena alikasirika, kwa sababu alijua kabisa kwamba kesho asubuhi atamleta mbwa hadi kwenye ua wa mwalimu, afanye tena, ili amwambie vilevile.